Namba Hamsini na Mbili

Mbwera, Delta ya Rufiji
3 Juni 1995

Ndugu Sufiani Shaabani,
Mhakiki wa safu ya Rafu ya Njozi, gazeti la Upeo wa Wiki,
Kibiti.

Salamu nitakupa siku nyingine. Leo nina swali moja, nalo ni la hesabu.

Mwezi Machi, kwenye ile orodha ya vitabu vinavyosubiri kusomwa unayoitoa chini ya safu yako, mswada wangu ulikuwa namba kumi na tisa. Nilifurahi, nikasema zamu yangu haiko mbali. Aprili nikajitafuta, nikajikuta namba thelathini na nne. Gazeti la juzi, lililofika huku likiwa limefungia sabuni, linasema niko namba hamsini na mbili. Mimi nafundisha darasa la tano. Mwanafunzi akiniletea hesabu ya mtu aliyesimama kwenye foleni huku akizidi kurudi nyuma, namwekea kosa.

Nimewaangalia walionipita. Joka lenye vichwa saba. Meli ya nyota. Mfalme wa barafu. Joka jingine. Vyote vya ng'ambo, na wewe mwenyewe umeandika kwamba vimepatikana ndani ya marobota ya mitumba. Sina ugomvi na majoka. Lakini joka lililoletwa na suruali kuukuu limenipitaje mimi, niliyekunakilia kurasa mia mbili na kumi kwa mkono wangu?

Kama umesahau, wangu ni zile kaunta buku tatu zenye jalada jeusi: Mwaka Mikoko Ilipohama. Ni mwaka 2081. Watu wa delta wameuza mikoko yao, mti kwa mti, mpaka siku moja maji yamekupwa, miti iliyobaki inang'oa mizizi matopeni na kuanza kutembea kwenda bahari kuu. Muzdalifa, mwanamke anayepima chumvi ya maji kwa mashine aliyoiunda mwenyewe, anatumwa akairudishe.

Bwana Abdulkarimu, mwenye kiwanda kidogo cha uchapaji Kariakoo, ameniambia waziwazi: "Mwalimu, zama za kupewa karatasi na serikali zimekwisha. Siku hizi nachapa kinachouzika. Sufiani akikisifu nachapa, akikiponda nakurudishia." Ananisubiri mpaka mwisho wa Julai.

Sitaki unihurumie. Nataka unisome.

Semeni Dadi


Kibiti
17 Juni 1995

Bi Semeni,

Wa alaykum salaam, ingawa hukunisalimu. Na mambo ya Ndugu yamepitwa na wakati. Bwana inatosha.

Unauona mstari mmoja gazetini. Mimi naviona vitabu mia moja na kumi na viwili. Chumba nilichokijenga kwa ajili ya wageni hakiingiliki tena, vimepanda mpaka usawa wa dirisha, na mke wangu anapita ubavu. Kila basi linalotoka Dar linanishushia kifurushi kingine. Enzi za shirika la serikali la uchapishaji tulikuwa tunatoa vitabu viwili vya namna hii kwa mwaka, na kila kimoja nilikisoma mara tatu, kalamu mkononi. Miaka kumi na tisa nilisoma miswada ya nchi hii. Halafu wakafungua milango, kila kitu kikaingia, mimi nikatolewa. Nilipewa barua ya kupunguzwa kazi na saa ya ukutani, nikarudi kwetu.

Mhariri anataka majoka kwa sababu vijana wa mjini wanataka majoka. Sikuyaleta mimi.

Hata hivyo nimeshaanza kukusoma. Niko katikati. Una kipaji, lakini una haraka, na haraka hiyo naiona hata kwenye barua yako. Uhakiki utatoka kabla Julai haijaisha. Sipendi kusukumwa.

Sufiani Shaabani


Mbwera
22 Julai 1995

Bwana Sufiani,

Nimekupa Bwana yako, ishike.

Gazeti limefika. Nayanakili maneno yako hapa ili uyaone yalivyo: "Mwandishi, ambaye ni dhahiri ameathiriwa na hadithi za kigeni za misitu inayotembea, anatupa Muzdalifa, mke mpole wa nahodha, anayeililia miti mpaka inamwonea huruma na kurudi, na delta nzima ikajaa furaha. Ni njozi ya kitoto."

Muzdalifa hana mume! Nahodha yumo ukurasa wa tatu tu. Anamvusha, anamwambia, "Mke wangu angekuwa na akili kama yako ningekuwa tajiri," Muzdalifa anashuka, nahodha hatumwoni tena. Wewe umewaoza. Na Muzdalifa halii popote, tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Na miti hairudi! Anaifikia, anaiuliza kwa nini imewakimbia watu, inamjibu, naye baada ya kulisikia jibu anaizima mashine yake na kubaki na miti. Walioachwa nyuma wanakunywa maji ya chumvi. Hiyo ndiyo furaha uliyoiona?

Hadithi za kigeni! Babangu alikuwa na shamba la mpunga hapa hapa. Chumvi ilipanda na maji, mpunga ukafa, na mwaka wa tatu mikoko ikaota pale tulipokuwa tunavuna. Msitu unaotembea nimeuona kwa macho yangu. Nilichofanya mimi ni kuuongezea mwendo.

Uliniandikia kwamba uko katikati. Ulikuwa ukurasa wa tatu.

Bwana Abdulkarimu amenirudishia nakala ya kwanza niliyokuwa nimempa. Ndani yake ametia safu yako, na neno "kitoto" amelipigia mstari. Mwalimu mkuu naye ameisoma ofisini kwa sauti, walimu wenzangu wakacheka, mimi nikiwa nimekaa pale pale na chaki mkononi. Miaka minne ya kazi yangu.

Ungesoma yote ukasema ni kibaya, ningekasirika siku mbili, kisha ningekaa nikaandika upya. Lakini umenihukumu hujanisikiliza. Andika gazetini kwamba hukusoma. Na nirudishie kaunta buku zangu.

Semeni Dadi


Kibiti
5 Agosti 1995

Bi Semeni,

Mhakiki ana haki ya kukielewa kitabu kwa namna yake. Waandishi wachanga wote husema hawakusomwa, nimeyazoea. Sitasahihisha chochote. Kaunta buku zako zitarudishwa akipatikana mtu wa kuaminika anayekuja huko.

Naomba usiniandikie tena.

Sufiani Shaabani


Kibiti
6 Agosti 1995

Mdogo wangu Semeni,

Utashtuka, maana mwandiko huu unaujua. Ndio ule ule wa barua za Sufiani. Mimi ni Salima, mkewe. Yeye husema, mimi huandika.

Sufiani haoni. Jicho la kulia limekufa tangu mwaka juzi, na la kushoto linamwonyesha mwanga wa mlangoni, basi. Daktari amesema ni mtoto wa jicho, anaweza kupasuliwa. Hataki. Anasema akilazwa mjini gazeti litajua, na likijua hana kazi tena. Kwa hiyo mimi ndiye ninayemsomea. Namsomea kurasa mbili tatu za mwanzo, kisha yale maneno ya nyuma ya jalada yanayoeleza kitabu kinahusu nini. Kiingereza nakibabaisha, lakini yeye anashika. Akisema, "Basi, nimekielewa," anaanza kusema, nami naandika.

Chako hakina maneno nyuma ya jalada. Ni kaunta buku tu. Kila nikikiinua anauliza, "Nyuma kimeandikwaje?" Namjibu hakuna kitu. Anasema, "Kiweke, lete kingine." Ndiyo maana kilikuwa kinarudi nyuma.

Barua yako ya kwanza ilipokuja akaona haya, tukakianza. Nikafika ukurasa wa tatu, pale kwa nahodha, nikanusa mikate yangu inaungua. Nauza mkate wa kumimina hapa stendi. Niliporudi ndani nikamkuta ameshakimaliza kichwani mwake. Nikamwambia, "Mwisho wake huujui."

"Najua miisho yote, Salima. Miaka kumi na tisa."

Nikaandika alichosema. Mkono ulioandika "kitoto" ni wangu.

Halafu nikakichukua nikakisoma peke yangu, siku nne. Muzdalifa alipoizima mashine nilikaa uani nimekasirika, sijui nimkasirikie nani, na sina wa kumwambia. Nikamwambia yeye. Akasema gazeti limeshachapwa.

Nakuandikia yeye yuko msikitini. Nakuomba usimfichue. Safu hiyo ndiyo kazi pekee aliyobaki nayo.

Dada yako,
Salima


Mbwera
19 Agosti 1995

Dada Salima,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara hasira imezidi, kwa hiyo nisamehe nikikukwaruza.

Macho yake ni ugonjwa. Uongo wake si ugonjwa. Kama angesema, "Mwalimu, sioni, kitabu chako sikiwezi," ningekuja kukichukua na ningemwombea dua. Alichofanya ni kuogopa kuionyesha dunia aibu yake, akanivika mimi. Na wewe, dada yangu, ulijua, ukaandika. Umesema mwenyewe, nami sikusamehe haraka kwa sababu tu umesema.

Nimemwandikia mhariri barua. Yote yamo, macho, kurasa tatu, maneno ya nyuma ya jalada. Sijaituma. Nimeanza kuipeleka kwenye mashua mara mbili nikarudi nayo, na hata hilo limeniudhi.

Shule itafungwa wiki mbili mwanzoni mwa Septemba. Nitavuka hadi Nyamisati na kuja Kibiti. Mwambie au usimwambie, ni juu yako. Barua nitakuwa nayo mkobani.

Semeni


Kibiti
16 Septemba 1995

Bwana Tamimu,
Mhariri, Upeo wa Wiki,
Dar es Salaam.

Naomba barua hii uichape yote kwenye nafasi ya safu yangu, usipunguze neno. Mke wangu ndiye anayeiandika, kama alivyoandika kila kitu ulichopokea kutoka kwangu tangu mwaka juzi, kwa kuwa mimi ni kipofu.

Wiki iliyopita alikuja hapa mwalimu Semeni Dadi, ambaye mswada wake niliuponda mwezi Julai. Nilimsikia akibisha hodi. Nilimkaribisha kwa ubaridi, nikasimama ili aone kwamba sina muda. Akaniambia, "Kaa." Kwangu mwenyewe! Nikakaa.

Akanitia bahasha mkononi. "Hii ni ya mhariri wako. Nitakusomea kitabu changu mpaka mwisho. Ukishanisikiliza na bado ukasema ni cha kitoto, hiyo itakuwa kauli ya mhakiki, nami nitaichana barua hii mbele ya mkeo. Usiponisikiliza naituma leo."

"Nani amekwambia kwamba sioni?"

"Kitabu changu ndicho kilichoniambia. Umemwoza Muzdalifa kwa mtu aliyemvusha."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alisema, "Mimi pia nimemwambia, Sufiani. Nimechoka." Nikampigia kelele mbele ya mgeni, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Hakuondoka pale mlangoni. Mwalimu akafungua kaunta buku ya kwanza akaanza kusoma juu ya kelele zangu, mpaka nikanyamaza mwenyewe.

Alisoma siku tatu, asubuhi mpaka adhuhuri. Siku ya kwanza nilimkatiza mara kwa mara, na kila mara alisema, "Andika pembeni," huku akijua siwezi kuandika. Alikuwa hasomi kwa kubembeleza. Alisoma kama anayenisomea mashtaka. Siku ya pili nilisahau kumkatiza. Siku ya tatu Muzdalifa akaifikia miti, akaiuliza, "Mmetukimbia kwa nini?" Ikamjibu, "Hatukuwakimbia. Mlituuza, nasi tunakwenda kwa tajiri aliyetununua." Bwana Tamimu, nimesoma miswada miaka kumi na tisa, na sikulitarajia jibu hilo. Nilikuwa nimejitapa kwamba najua miisho yote.

Alipofunga daftari nilimwambia, "Sura ya saba ni ndefu mno."

"Hilo nalikubali."

"Kwa yaliyobaki nilikudhulumu."

Alibeba kaunta buku zake akamuaga Salima. Bahasha aliiacha mezani, hakuichana wala hakuituma, na nimeona aibu kungoja itumwe. Nakuandikia mwenyewe.

Basi wasomaji wako wajue. Kati ya vitabu karibu mia tatu nilivyohakiki tangu mwaka juzi, sikusomewa hata kimoja mpaka mwisho. Mwaka Mikoko Ilipohama si njozi ya kitoto. Ni kitabu cha mtu mzima aliyekasirika kwa haki, na ndicho bora kilichopita nyumbani kwangu.

Nawe nina neno lako. Kila wiki ulipokea kutoka kwangu uhakiki wa vitabu vitatu. Hata siku moja hukujiuliza mzee mmoja anasomaje vitabu vitatu kwa wiki. Hukutaka kujua.

Sufiani Shaabani


Dar es Salaam
27 Septemba 1995

Mzee Sufiani,

Barua yako imetusikitisha. Hatutaichapa. Huu ni msimu wa kampeni, kurasa zimejaa, na wasomaji hawapendi kuvurugwa. Safu ya Rafu ya Njozi imesimamishwa kuanzia toleo lijalo, na nafasi yake itachukuliwa na utabiri wa nyota. Gari letu litapita Kibiti kuchukua vitabu vyote, kwani ni mali ya gazeti.

Tunakutakia afya njema.

Tamimu, Mhariri


Kibiti
14 Oktoba 1995

Mwalimu Semeni,

Vitabu vimechukuliwa. Chumba kimebaki kitupu, nikikohoa kinanijibu. Nimeambiwa mahali pangu wameweka mtu anayewaambia waliozaliwa Oktoba kwamba wiki hii watapata mpenzi. Nina hasira, mwalimu, na nyingi ni juu yangu mwenyewe.

Nilimwandikia Bwana Abdulkarimu, nikamweleza kwamba sikuwa nimekisoma kitabu na kwamba nimekosea. Amejibu kwamba hadithi ameacha, kwa sasa anachapa mabango ya wagombea tu. Kwa hiyo kweli yangu imekuja ikiwa haina kazi. Nililoliharibu siwezi kulitengeneza.

Nimekuandikia uhakiki mpya, kurasa nne, nimeambatisha. Utumie utakavyo. Salima ananipeleka hospitali wiki ijayo. Safari hii hakuniuliza kama nataka.

Naomba unisamehe. Na siku kitabu kitakapochapwa, nitaomba nakala moja, nami nitaihakiki kama inavyopasa, hata kama hakuna gazeti.

Sufiani


Mbwera
2 Desemba 1995

Mzee Sufiani,

Assalaam alaykum. Natumaini umetoka hospitali salama.

Sijakusamehe. Nimejaribu, kwa kuwa ulimwandikia mhariri wakati ungeweza kunyamaza, na hilo nimelihesabu. Lakini kila nikipita ofisi ya mwalimu mkuu nasikia kile kicheko, na kicheko hicho wewe huwezi kukifuta, wala mimi. Huenda nikakusamehe mwakani. Sitakudanganya.

Kitabu kimetoka. Niliazima taipureta ya mratibu elimu, nikakata stensili mwezi mzima, nikakidurufu kwa mashine ile ile inayotoa mitihani ya wilaya. Nakala arobaini. Wino umevuja ukurasa wa sitini na nne na pini zinakwaruza. Sura ya saba nimeikata nusu, ulisema kweli.

Juzi wakata boriti za mikoko wawili wamekuja kutoka Salale kunigombeza. Mmoja wao, Bashiru, ndiye anayejua kusoma, amewasomea wenzake kambini. Aliniuliza, akiwa hata kukaa hataki, "Huyu Muzdalifa, ana moyo gani? Kawaacha watu wanywe chumvi! Sisi tulikosa nini, si tulikuwa tunatafuta riziki?" Nikamwambia waliuza. Akasema, "Tuliuza kwa sababu mnunuzi alikuja na karatasi ya serikali!" Tumebishana mpaka nikapandwa na hasira, naye akapandwa na hasira, na kila hoja aliyoitoa imo kitabuni, ukurasa anautaja. Mwenzake akawa anatushika mikono. Hawakukubaliana nami, wameondoka wamenuna, na sijapata kufurahi namna ile tangu nianze kuandika.

Uhakiki wako nimeusoma. Ni mzuri. Sikuutia ndani ya kitabu.

Nakala iliyo kwenye kifurushi hiki si yako. Ukurasa wa kwanza nimeandika jina la Dada Salima, ni mali yake. Kama macho hayajafunguka na unataka kuisikia, muombe akusomee. Na kama yamefunguka, bado muombe kwanza.

Semeni Dadi